Aliyesaidiwa Hakununuliwa

Mwezi wa Mei 2024, tufani iliyopewa jina la Hidaya ilipopiga Mafia na kumwaga mvua kubwa juu ya pwani ya kusini, hapa Chanika halikung'oka hata bati moja. Sisi wa Handeni tuko mbali na bahari. Adui wetu wa tangu zamani si upepo, ni jua. Habari zilitufikia kwa redio na kwa simu: barabara ya kwenda Lindi imekatika maeneo ya Somanga, magari yamekwama, mashamba ya Kilwa yamejaa maji. Basi Jumapili moja baada ya ibada watu wachache walibaki chini ya mwembe, wakishauriana kama yafaa kukusanya mahindi na fedha kwa ajili ya wenzetu wa kule. Karibu wote walikubali. Ndipo mzee mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kuahidi magunia mawili, akauliza swali lililowanyamazisha wote: "Nasi tukishawapa, tutakuwa nani kwao?"

Hakuuliza kwa ubahili. Alitaka kujua, kama alivyoeleza baadaye, iwapo mtoaji hupata neno juu ya maisha ya mpokeaji: aweza kumwagiza ajenge wapi, alime nini, amfuate nani? Na asipomtii, yafaa amwite mtovu wa shukrani? Baadhi ya watu walicheka. Sisi hatukucheka, na tangu siku ile swali hilo hatujaliacha, maana twaona kwamba ndilo swali kubwa kuliko yote katika kazi ya kuwainua watu walioangushwa na tufani. Habari ya magunia, malori na mabati ni kubwa pia, lakini hiyo yahesabika.

Jibu letu twalisema mapema, ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta. Tutakuwa jirani zao tu, kama tulivyokuwa kabla ya upepo. Aliyesaidia hapati mamlaka yoyote juu ya nafsi ya aliyesaidiwa. Tena twaona kwamba kuinuka kwa watu hakupimwi kwa idadi ya mapaa yaliyorudi juu ya kuta. Kwapimwa hivi: je, mtu aweza sasa kukataa? Aweza kusema "hapana" mbele ya mwenye duka, mbele ya mkopeshaji, mbele ya mkubwa wa kijiji, hata mbele yetu sisi tuliomletea unga, asife njaa kwa kusema hivyo? Kama hawezi, bado yuko chini, hata nyumba yake ikiwa mpya.

Watu wa Handeni hawana haja ya kujifunza neno hili kwa walimu wa mbali. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliikamata nchi ya Uzigua. Simulizi za wazao wa watu wa wakati ule zaeleza kwamba wengi waliokonda kwa njaa waliteremka pwani, na huko wakaahidiwa chakula na kazi ng'ambo ya bahari. Walipakiwa katika majahazi. Wakashushwa katika pwani ya Usomali, wakauzwa. Tulitazame vema jambo hili. Kwa simulizi hizo, wengi hawakutekwa kwa bunduki wala hawakufungwa kamba. Walikwenda kwa miguu yao wenyewe, pengine wakimshukuru mtu aliyewapa kula. Chakula kilikuwa cha kweli, nao walishiba kweli. Walakini kila tonge lilikuwa ni hatua moja kuelekea jahazini. Mwenye njaa hana nafasi ya kumwuliza ampaye tonge ataka nini badala yake.

Baadhi yao walitoroka baadaye, wakashika bonde la Mto Juba, wakajenga vijiji vyao, wakalima, wakailinda lugha ya Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Usomali vilipolipuka mwaka 1991, wazao wao walikimbia tena. Wengi waliishia katika kambi za Kenya, na wengine baadaye wakapelekwa Marekani. Wachache walikuja mpaka nchi ya mababu zao. Serikali iliwapa makazi Chogo, hapa hapa Handeni, na zaidi ya elfu moja kati yao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Habari ya Chogo tutairudia.

Mfano wa pili ni wa tufani yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872 upepo wa ajabu uliipiga Unguja na pwani inayoielekea. Ulibomoa nyumba, ukavunja merikebu, zikiwamo nyingi za Sultani Barghash, ukang'oa sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Kule Bagamoyo misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na iliyokuwa ikiwatunza watu waliokombolewa katika utumwa, ilibomolewa, ikabidi ijengwe upya. Pemba iliponea pembeni. Karafuu zikawa adimu, bei ikapanda, na wenye mali wakafanya haraka kupanda mikarafuu mipya, hasa Pemba, hata kisiwa hicho kikaja kuipita Unguja kwa mavuno. Asomaye hesabu za biashara za miaka ile atasema: visiwa viliinuka, tena kwa ushujaa.

Lakini tuulize, nani aliinuka? Mkarafuu mchanga si magugu yajioteshayo. Wataka shimo, maji, kivuli na palizi, na mwenye kuupanda hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuonja mavuno. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa hasa mikono ya watumwa. Mwaka 1873 mkataba ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza wasisafirishwe kwa bahari. Hata hivyo mashamba yaliendelea kutaka watu, nao waliendelea kuletwa kwa magendo. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria visiwani hata mwaka 1897. Hasara ya upepo ilimpiga mwenye shamba, naye akaipitisha kwa mtu aliyekuwa chini yake, asiye na wa kumpitishia. Wenye mashamba nao, wengi wao, hawakuwa huru kama walivyojidhania, kwa kuwa mashamba yao yaliwekwa rehani kwa wakopeshaji. Basi tukisikia leo kwamba jamii fulani "imeinuka", tusitosheke na neno hilo. Jamii si mtu mmoja. Yawezekana imeinuka kwa kukanyaga mabega ya baadhi ya watu wake.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na majahazi. Mwezi wa Machi 2019 tufani Idai iliupiga mji wa Beira, na zaidi ya watu elfu moja wakafa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Majuma sita baadaye ikaja Kenneth, ikapita Komoro ikaangukia Cabo Delgado, karibu na mpaka wetu. Mwaka ule ule shirika la Human Rights Watch lilitangaza ushuhuda wa kutisha kutoka Msumbiji: wanawake waliopoteza nyumba na chakula walisema kwamba baadhi ya viongozi wa mahali walitaka walale nao, ndipo majina yao yaandikwe katika orodha ya wapewao chakula. Chakula kilikuwa cha msaada. Kilitoka kwa watu wema wasiojua lolote. Kati ya mtoaji mwema na mama mwenye njaa alisimama mtu mmoja mwenye kalamu.

Kalamu hiyo ni kitu kidogo, lakini baada ya tufani yapata nguvu kuliko upanga. Siku za kawaida mtu ana shamba, ana jirani, ana duka la kukopa, ana ndugu mjini; akifungiwa mlango mmoja, agonga mwingine. Tufani yaifunga milango yote kwa usiku mmoja na kuacha wazi mmoja tu, na yeyote asimamaye mlangoni hapo, hata awe mtu mdogo namna gani, amekuwa mfalme. Baadhi ya walinzi wa milango hiyo walikuwa watu wema jana. Njaa ya wenzao ndiyo iliyowajaribu.

Wako watakaotujibu: kama kusaidia kuna hatari namna hii, heri kila mtu ajiinue mwenyewe, tena misaada huwazoesha watu kuomba. Nao hupenda kumalizia kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nasi twaipenda, walakini wao huisoma nusu. Husikia neno "jembe", hawasikii neno "mpe". Methali haisemi kwamba siku ya tatu mgeni aambiwe akatafute jembe. Mwenyeji ndiye alitoaye, na alitoaye jembe bila shaka aonyesha na mahali pa kulima, maana hakuna alimaye hewa. Tena mgeni aliyeshika jembe amekwisha kuwa mtu wa mji ule. Ala bila kuinamisha uso.

Na kwa mvuvi wa Mafia au wa Kilwa Kivinje, jembe ni nini? Ni chombo chake, ni nyavu zake. Kumpa unga wa mwezi mmoja mtu aliyepotelewa na chombo, kisha kumwambia ajitegemee, ni kumsindikiza kwa mkopeshaji. Atachukua nyavu kwa mnunuzi wa samaki, na tangu siku hiyo mnunuzi ndiye atakayepanga bei ya samaki wake, mwaka huu na mwaka ujao. Ameshiba kwa unga wetu, naye amefungwa kwa sababu unga wetu uliishia njiani. Msaada mdogo mno waweza kumtia mtu utumwani sawasawa na msaada wenye hila.

Mwenye minazi yuko katika shida nyingine, ambayo watu wa bara hatuioni upesi. Mnazi wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka sita hata minane. Mzee aliyepanda minazi yake ujanani alikuwa akijiwekea chakula cha uzeeni. Upepo ukiiangusha, haukuchukua miti tu, umemchukulia miaka, nayo miaka hainunuliwi dukani. Kwa mtu huyu msaada wa miezi mitatu wamfaa nini? Magazeti, na hili letu tukiwamo, huiandika tufani kwa juma moja au mawili. Michango huja kwa wingi juma la kwanza, yapungua la tatu, na kufika mwezi wa tano hakuna aikumbukaye. Ndiyo maana twasema kwamba watu wa mbali kama sisi twaweza kufaa kwa namna yetu. Wa karibu na watoe leo, kwa sababu leo watu wana njaa. Sisi na tuweke nusu ya mchango wetu kwa ajili ya mwaka wa pili na wa tatu, wakati minazi mipya ingali mifupi kuliko mtoto na hakuna tena mwenye kuuliza habari za Kilwa.

Twajua neno moja lapingana na hayo tuliyosema. Kama mtoaji hana mamlaka juu ya mpokeaji, je, hana haki hata ya kuuliza mali yake imekwenda wapi? Anayo, na asiyeuliza amfanyia ubaya maskini, kwa kuwa mali isiyoulizwa huliwa na wenye nguvu. Mtume Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya wahitaji wa Yerusalemu hakuibeba fedha peke yake. Aliwatuma pamoja nayo watu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu katika jambo la mali. Lakini katika barua hiyo hiyo aliwaeleza Wakorintho kwamba shabaha yake si wengine wapumzike na wao walemewe. Ni usawa, ziada ya huyu ijaze upungufu wa yule, na siku nyingine iwe kinyume chake. Hakuwapa Wakorintho kiti cha enzi Yerusalemu. Alidai hesabu ya mfuko. Hakudai hesabu ya watu.

Mpaka huo ndio twaushika. Magunia mangapi yalitoka, mangapi yalifika, nani aliyapokea: hayo ni maswali ya mfuko, nayo yaulizwe kwa ukali. Orodha isomwe hadharani barazani, mbele ya wale walioandikwa na wale walioachwa, na kalamu isikae kwa mtu mmoja. Bali kwamba mama fulani amepika nini, amejenga upande gani wa kijiji, au watoto wake wasali wapi, hayo hayamo mfukoni. Serikali yaweza kuwakataza watu wasijenge tena katika mkondo wa maji, na yafaa ifanye hivyo. Lakini hiyo ni kazi ya sheria, ambayo mtu aweza kuipinga kwa sauti yake na kwa kura yake. Hakuna awezaye kupigia kura gunia.

Sisi wa hapa tumeonja pande zote mbili. Oktoba 2019, mwaka ule ule wa Idai, mvua kubwa zilizipiga Handeni na Korogwe, zikakata barabara na madaraja, na watu wakafa. Siku zile sisi ndio tuliopokea. Twamkumbuka mgeni mmoja, ambaye jina lake na la chama chake twaliacha, aliyewapanga wanawake mstari, kila mmoja apigwe picha akiwa na mfuko wa unga kifuani. Mama mmoja, mjane, alisema unga aushukuru, ila picha hataki. Akajibiwa kwamba bila picha hakuna unga. Aliuweka mfuko chini taratibu, akaondoka na wanawe wawili. Wengine walinong'ona kwamba ana kiburi, na mmoja akasema maskini hana ruhusa ya kuwa na aibu. Jioni ile jirani yake, ambaye naye ukuta wake ulikuwa umelala, alimpelekea kibaba cha unga katika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

Twakiri kwamba siku ile nasi tulimwona mkaidi. Ilituchukua muda kufahamu kwamba yule mama alikuwa amekwisha kuinuka kabla ya ukuta wake kuinuka. Tena twafahamu kwamba hakusimama kwa ushupavu wake peke yake; asingalikuwapo jirani mwenye bakuli, ingalimpasa apigwe picha, au watoto wake walale na njaa. Uhuru wake ulikaa katika ule mlango wa pili. Basi mwenye kutaka kuwasaidia watu wa Mafia na Kilwa na autafute mlango huo wa pili: ndugu kwa ndugu, chama cha wavuvi, akina mama wanaowekeza pamoja, mkulima wa kijiji cha jirani mwenye muhogo wa kuuza. Fedha inayonunua muhogo wa jirani aliyenusurika yalisha nyumba mbili, nayo yamwacha mwenye njaa akila chakula akijuacho.

Kuna neno la shukrani bado. Mpokeaji hana deni kabisa? Katika vijiji vyetu mtu akiwaita wenzake wamsaidie kulima au kuezeka, yeye hupika. Chakula chake si malipo, maana hakilingani na kazi. Ni njia ya kusema kwamba katika shughuli hii kila mtu ametoa kitu. Waliopigwa na tufani nao hutaka kupika. Mara nyingi twawanyima nafasi hiyo: twafika na kila kitu, hata na wapishi, twawaketisha kivulini kama wagonjwa. Aketishwaye kivulini muda mrefu huanza kusadiki kwamba hana mikono.

Chogo hawakuketishwa hivyo. Watu wale walifika wakiwa wakimbizi, nao kwa miaka walipokea mgao kama wakimbizi wote. Lakini pamoja na mgao walipewa ardhi, na baada ya ardhi karatasi ya uraia, ambayo kwayo mtu aweza kuuza mahindi yake atakako, kuhama apendapo, na kumpigia kura au kumnyima kura yule yule aliyemkabidhi karatasi. Babu zao walipewa chakula wakapoteza nafsi zao. Wao walipewa chakula, kisha wakapewa neno la kukataa.

Yule mzee wa magunia mawili hakuyapeleka. Aliyauza hapa sokoni Chanika, akaleta fedha katika bahasha, na alipoulizwa kwa nini amebadili nia alisema kwamba mahindi yake ayajua yeye; watu wa Kilwa hajui wamekosa nini, wala hapajawa na mtu aliyewauliza. Akataka tumwandikie barua ya kuuliza, yenye maneno machache, na anwani ya kujibu.